Kumuuguza mgonjwa wa mifupa, viungo na misuli: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Dodoma

Mimi ni nesi, wodi ya mifupa nimekaa miaka ya kutosha, na siku hizi naona nusu ya kazi ni kujibu maswali: mlangoni wodini, kwenye daladala, kanisani, na simu za saa tano usiku kutoka Kibaigwa na Mpwapwa. Maswali ni yale yale. Nimeyakusanya na kuyapa namba ili jibu likishatolewa sehemu moja nikuelekeze huko badala ya kurudia. Nimeandika zaidi kwa ndugu anayeuguza nyumbani, ila wanafunzi wa unesi nao wanauliza haya haya kwa hiyo wasome tu.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwani mgonjwa wa mfupa ana kazi gani? Si amefungwa tu anasubiri uunge?

Mfupa kweli unaunga wenyewe, dokta kazi yake ni kuupanga ukae sawa. Sasa wakati unaunga, damu lazima iendelee kupita, ngozi isioze, mapafu yasijae makohozi, tumbo lisifunge, misuli isinyauke na viungo visigande, na hayo yote yako mikononi mwa anayeuguza. Nimeshaona paja limeunga vizuri kabisa kwenye eksirei halafu mwenye paja ana kidonda kiunoni ngumi inaingia. Sasa hapo tumeponya nini?

Kwa hiyo kila asubuhi kabla hujamuuliza mgonjwa kama mfupa unauma, angalia vidole vyake, angalia ngozi anayoilalia, sikiliza anavyohema, muulize choo alienda lini, halafu muulize leo amejinyoosha nini.

2. Mfupa unachukua muda gani kuunga?

Inategemea ni mfupa gani na ni wa nani. Mkono wa mtoto mdogo wiki 3 hadi 4 mara nyingi umeshika. Mkono wa mtu mzima wiki 6 hadi 8. Muundi na paja hesabu miezi 3 kwenda juu, na kama mfupa ulitoboa ngozi unaweza kwenda miezi 6 na usishangae. Sigara inachelewesha, sukari isiyodhibitiwa inachelewesha, na kula ugali na mboga ya chumvi tu miezi mitatu nako kunachelewesha.

Watu wanakimbilia supu ya kongoro, sawa, haina ubaya, ila mfupa unataka chakula cha kila siku: maharage, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mayai, karanga, mboga za majani, na ugali wa uwele ambao sisi huku tunao. Na jua la Dodoma ni la bure, mtoe uani asubuhi apate vitamini D, msimfungie ndani kama mzazi.

3. Bodaboda imeanguka mbele yangu, nifanye nini kabla hajafika hospitali?

Usimbebe mikono na miguu kama gunia umtupie kwenye bajaji. Hapo ndo mtu aliyevunjika uti wa mgongo anapopata kupooza kwa mikono ya wasamaria wema. Kama analalamika shingo au mgongo, au hajitambui, mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo, na alazwe kwenye kitu kigumu, hata mlango uliong'olewa bawaba unafaa.

Damu inayotoka, bana na kitambaa safi usiachie. Mfupa ukiwa umetokeza nje usiurudishe ndani, funika na kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, basi. Usipake majani, usipake kahawa wala dawa ya meno. Funga kiungo kama ulivyokikuta kwa fito mbili na kanga, fito ivuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, na kama ni mguu na huna fito fungia kwenye mguu mzima. Vua pete, saa na kiatu mapema maana mkono au mguu ukishavimba itabidi pete na kiatu vikatwe. Usimpe chakula wala chai, huenda akahitaji opareshani. Akifika wakumbushe sindano ya pepopunda, na mfupa uliotoka nje unataka antibiotiki mapema sana, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, siyo kesho.

4. Tumpeleke hospitali au kwa mzee anayeunga mifupa kijijini?

Nijibu kwa ukweli wangu. Wapo watu waliungwa na wazee wakapona, siwezi kubisha, babu yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Lakini mzee hana eksirei, hajui kama mfupa umepasuka kuingia kwenye kiungo, anafunga fito kwa kamba zinazobana (soma swali la 7 ujue kubana kunafanya nini), na anakanda. Kukanda kiwiko cha mtoto kilichovunjika kunaweza kufanya mfupa uote ndani ya msuli, kiwiko kinaganda na hakinyooki tena.

Basi angalau piga eksirei kwanza. Na ninyi manesi wenzangu, mgonjwa akija amechelewa kutoka huko msimfokee. Tulimpokea mtoto wa miaka saba vidole vimeshakuwa vyeusi, kumbe mama yake alifika kituo fulani siku ya tatu akatukanwa mbele za watu kwa sababu ya fito za mganga, akaona aibu akarudi naye nyumbani. Mkono ulikatwa chini ya kiwiko. Huwa namkumbuka yule mama nikitaka kupaza sauti.

5. Nianzie hospitali gani?

Dharura anzia iliyo karibu, wamtulize na kumfunga kwanza. Vingine vinakwenda kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu General (hospitali ya rufaa ya mkoa) pale mjini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa ya kibingwa, na yakizidi ndo MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar. Ukiwa na bima usiruke ngazi bila barua ya rufaa, utazungushwa. Na beba eksirei zako zote hata za zamani, nenda nazo.

## Hogo

6. Amefungwa hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) leo, siku za mwanzo tufanyeje?

Hogo la POP (lile jeupe la jasi) likiwa bichi linatoa joto, hiyo ni kawaida, dakika kadhaa linapoa. Kukauka kabisa ndo linachukua siku 2 hadi 3 hata kama kwa nje linaonekana kavu. Muda huo libebe kwa viganja, siyo kwa ncha za vidole, kwa sababu kila kidole kinaacha shimo na shimo kwa ndani ni kinundu kitakachotoboa ngozi. Usilifunike blanketi, usilianike jikoni karibu na mkaa, liweke juu ya mto lipigwe na hewa. Asilikanyagie mpaka aruhusiwe. Lile jepesi la rangi rangi linakauka ndani ya saa moja ila bei yake ni nyingine.

Mguu au mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo siku 2 hadi 3 za kwanza. Kuinua maana yake alale na mguu uwe juu ya mito, siyo akae kwenye kiti aweke mguu kwenye kigoda, hapo bado uko chini ya moyo. Mkono kwenye tanzi la kitambaa shingoni, kiganja kiwe juu kuliko kiwiko. Na vidole vilivyo nje vichezeshwe kila saa akiwa macho, hata kama inauma kidogo.

7. Nitajuaje hogo limebana vibaya?

Ungenipa nafasi ya kujibu swali moja tu ningejibu hili.

Misuli ya muundi na ya mkono kuanzia kiwiko kushuka imefungwa kwenye mifuko migumu ambayo haitanuki. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe vinajaa ndani ya mfuko, presha inapanda mpaka damu mpya haipiti, na msuli usiopata damu unaanza kufa baada ya kama saa 6. Hogo likiwa limezunguka kwa nje ndo kabisa hakuna pa kutanukia. Hii inatokea zaidi siku mbili za kwanza, na inatokea hata kwa mtu ambaye hajafungwa hogo.

Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na alivyoumia. Amepewa dawa na bado analia, kila saa yanazidi badala ya kupungua. Dalili ya pili, mnyooshe vidole taratibu wewe mwenyewe, akipiga kelele kwa maumivu ya ndani kwenye msuli, tayari. Baadaye inakuja ganzi, vidole vya baridi, kushindwa kuvichezesha. Usisubiri vidole viwe vyeupe au mapigo yapotee, mapigo yanaweza kuwepo mpaka mwisho na mguu ushakufa. Wanafunzi hapa ndo mnapokosea, mnashika mapigo, mnayakuta, mnaandika yuko salama.

Kupima damu: bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe kisha achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi, halafu linganisha na upande mzima. Kwa mtoto mdogo asiyejieleza, kilio kisichotulizika na kudai dawa ya maumivu mara kwa mara ndo dalili zako.

Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku kwa usiku. Njiani mguu uwe usawa wa moyo, usiinue juu zaidi kwa sababu sasa unainyima misuli damu, na usiweke barafu. Wakifika wapasue hogo lote na pamba na bendeji za ndani mpaka ngozi ionekane. Ukiambiwa "ngoja dokta wa asubuhi" simama hapo hapo mlangoni, useme maumivu hayapungui kwa dawa na vidole vikinyooshwa anapiga kelele, yaseme kwa maneno hayo hayo. Kuna familia ilikaa kimya kwa heshima na ile heshima iliwagharimu mguu wa kijana.

8. Linawasha mno, aingize kijiti?

Hapana, wala spoku ya baiskeli, wala rula. Ngozi ya ndani imelainika kwa jasho, ukikwangua unaacha kidonda ambacho hutakiona mpaka harufu itoke. Gonga gonga hogo kwa nje, pepea kwa kipepeo au feni upande wa wazi, kuna dawa za vidonge za muwasho pia, ulizia. Kama kuna sehemu moja inachoma tu kila wakati pale pale, au hogo limetoa doa na harufu, au homa imeingia, hiyo siyo muwasho tena, rudi likafunguliwe dirisha.

9. Kuoga je? Na limelowa mvua ya Januari tukiwa shambani.

Funga mfuko wa nailoni juu ya taulo, uzibe kwa juu, na mguu ukae nje ya beseni, kwa kweli kujifuta kwa kitambaa ni salama zaidi. POP ikilowa inakuwa uji, haishiki tena mfupa, kwa hiyo rudi ikabadilishwe hata kama imekauka tena na kuonekana nzima.

10. Limefunguliwa, mguu umekuwa mwembamba, una magamba, tumeshtuka.

Kawaida. Msuli usiotumika unanyauka, na ngozi ya zamani haikuwa na pa kudondokea. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, paka mafuta, usisugue magamba kwa jiwe. Kiungo kitakuwa kigumu na jioni mguu utavimba wiki kadhaa. Hapo ndo watu wa mazoezi wanapohitajika, na hapo ndo watu wengi wanapokimbia kliniki.

## Kitandani: kuvutwa, vyuma na ngozi

11. Mguu unavutwa na uzito, naweza kuutoa kidogo apumzike au ale?

Usiguse. Paja likivunjika misuli mikubwa inavuta vipande vipandiane mguu uwe mfupi, ule uzito unashindana na misuli, ukiutoa dakika kumi msuli unashinda. Uzito uning'inie hewani, usigonge sakafu, usiegemee kitanda, kamba isibanwe na shuka. Upande wa miguuni kitanda kinainuliwa ili mwili wenyewe uvute upande wa pili, kwa hiyo akiteremka mpaka nyayo ziguse chuma cha kitanda hakuna tena kuvuta, mpandisheni juu. Wageni wanaokuja na kukalia kitanda au kuning'iniza mfuko wa machungwa pale kwenye kamba, naomba muwaelewesheni kwa upole.

Kama ni bendeji ya ngozi ndo inavuta, ifunguliwe na nesi kila siku kuangalia kisigino na pembeni ya goti, kuna mshipa wa fahamu pale chini ya goti kwa nje ukibanwa mtu hawezi kuinua wayo. Muulize kila siku: inua kidole gumba juu. Akishindwa sema haraka.

12. Vyuma vilivyotokeza nje ya mguu vinasafishwaje?

Nawa mikono kwanza. Kila tundu na kitambaa au pamba yake, maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo au ile dawa uliyopewa, toka karibu na chuma kwenda nje, mara moja kwa siku au kama ulivyoelekezwa. Ute mwepesi wa maji ni kawaida. Usaha, wekundu unaotanuka, maumivu mapya au chuma kinacheza, rudi kliniki. Miezi ya upepo na vumbi huku kwetu, Agosti hadi Oktoba, vaa suruali iliyopanuliwa au funika na kanga safi ukitoka nje.

13. Vidonda vya kulalia tutavizuiaje nyumbani hatuna godoro la hewa?

Godoro la hewa ni zuri ila haligeuzi mtu. Kinachozuia ni kumgeuza kila saa 2 mchana na usiku, na mkiwa wawili gawaneni zamu maana mmoja peke yake siku ya nne atalala tu. Weka alamu kwenye simu. Sehemu za kuangalia ni kiunoni juu ya makalio, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, hautauona vizuri, gusa: pana joto au pamekuwa pagumu au pamepoa kuliko pembeni, au rangi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau isiyobadilika ukibonyeza. Hapo asilalie tena.

Visigino vining'inie: mto uwekwe chini ya muundi, kisigino kiwe hewani. Shuka isiwe na mikunjo wala makombo. Mkojo ufutwe mara moja. Msimburute kumpandisha juu, inueni na shuka watu wawili. Na msimkande pale palipoanza kubadilika rangi, ni kosa la zamani ambalo hata sisi tulifundishwa, mnaua ngozi iliyokuwa inajitetea. Yale mapete ya mpira ya kukalia pia hapana, yanabana damu kuzunguka.

14. Hajapata choo siku nne.

Kulala, maji kidogo na dawa kali za maumivu kama tramado na mofini, ndo hayo matokeo. Maji lita 2 kwa siku kama hana shida ya moyo au figo, papai, mboga, uji wa dona. Mlenda hapa unasaidia kweli. Wengi wanajinyima maji makusudi kwa sababu wanaona aibu kuomba bedpani kwa mkwe au mtoto wa kiume, kwa hiyo pangeni nani anamhudumia bila yeye kuuliza. Maji yanamlinda pia na mawe ya figo na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Tumbo likivimba na anatapika, hospitali.

15. Alivunjika paja juzi, leo anaongea vitu havieleweki na anahema haraka.

Hiyo siyo kurogwa na siyo mawazo. Mafuta ya ndani ya mfupa mrefu yanaweza kuingia kwenye damu yakaziba mapafu na ubongo, kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya kuvunjika, wakati mwingine na vidoti vyekundu kifuani au kwapani. Oksijeni mapema inaokoa. Ni dharura.

Tofautisha na damu iliyoganda kwenye mguu, ambayo inakuja baadaye kidogo: nyama ya nyuma ya muundi inauma, imevimba upande mmoja, ina joto. Msiukande huo mguu, donge likitoka linakwenda kwenye mapafu. Kinga ni kuchezesha vifundo juu chini mara nyingi kwa siku, maji, na sindano za kuzuia kuganda kama dokta ameandika.

## Viungo, misuli na maumivu ya muda mrefu

16. Ute wa magoti umeisha, nile bamia na mlenda?

Hili ndo linaongoza. Mlenda unateleza, goti linataka kuteleza, kwa hiyo watu wameunganisha. Kwa bahati mbaya mlenda unaingia tumboni unasagwa kama chakula kingine, hakuna bomba la kuupeleka gotini. Ingekuwa hivyo Wagogo tusingekuwa na mtu hata mmoja anayechechemea.

Goti la mama wa miaka 60 linapouma, mara nyingi tatizo ni ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa kuliwa taratibu, na misuli ya paja kulegea. Kinachosaidia kweli ni kupunguza uzito kama upo (kilo 5 zinasikika gotini), kuimarisha paja, fimbo mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, kitu cha moto, na kuacha kukaa kwenye kigoda kifupi saa tatu unachambua mchicha. Zoezi rahisi: kaa kwenye kiti, nyoosha goti mpaka mwisho, hesabu mpaka 5, shusha, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kula mlenda wako, mtamu, ila fanya na zoezi.

17. Kidole gumba cha mguu kimevimba usiku mmoja, hata shuka ikigusa inauma.

Inaweza kuwa gauti, chumvi za yuriki zimeganda kama sindano kwenye kiungo. Wanaume zaidi, mara nyingi baada ya nyama choma na bia za wikiendi, au siku za joto mtu hajanywa maji, na baadhi ya dawa za presha za kukojoza zinachangia. Pumzisha mguu, kitambaa cha baridi, maji mengi, na dawa ya dokta. Zile dawa za kushusha yuriki kwa kawaida hazianzishwi peke yake katikati ya shambulio, ila kama ulikuwa unatumia tayari usiache. Kiungo kimoja kimevimba na homa juu, usijiambie ni gauti, kinaweza kuwa na usaha (swali la 20).

18. Baridi yabisi inaletwa na baridi ya Juni na Julai?

Jina ndo linadanganya. Ule ugonjwa wenyewe ni kinga ya mwili kushambulia viungo, vidole vya mikono yote miwili, asubuhi vimekakamaa saa nzima au zaidi ndo vinalegea. Ubaridi unaongeza maumivu tu. Kuna dawa za kuzuia viungo visipinde na zianze mapema. Angalizo moja la uhai: ukiandikiwa methotreksati inanywewa mara MOJA kwa wiki, siyo kila siku, andika siku yenyewe kwenye boksi, na mjamzito haitumii.

19. Diklofenaki kila siku ina shida?

Inayo. Inatoboa tumbo kimya kimya, inapandisha presha na inaumiza figo, hasa kwa wazee na kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo, mjamzito, asinunue tu dukani. Na sindano haikwepi tumbo kama watu wanavyodhani, madhara ni yale yale. Choo cheusi kama lami, acha na uende hospitali. Na "dawa ya asili" ya viungo inayomaliza maumivu siku moja na kukunenepesha uso, shtuka, huenda ina steroidi ndani.

20. Mtoto ana homa na ghafla hataki kukanyaga, bibi anasema ametegua.

Mtoto mwenye homa asiyetaka kutumia mguu au mkono ni maambukizi ya mfupa au kiungo mpaka ithibitishwe vingine. Kiungo chenye usaha kinaharibika ndani ya siku chache, nyonga ya mtoto hairudi. Msikande, msichanje, leo hii hospitali. Matibabu ni kusafisha na antibiotiki wiki kadhaa, na kuzikatisha kwa sababu homa imeshuka ndo kunazaa ule mfupa unaotoa usaha na vipande miaka mingi. Mwenye selimundu ana hatari kubwa zaidi, na kwa yeye ni vigumu kutofautisha na maumivu yake ya kawaida, kwa hiyo apimwe.

21. Mgongo unauma, nilale tu?

Siku moja mbili, halafu inuka utembee, kulala wiki kunazidisha. Ila nenda haraka kama mkojo au choo kinatoka bila habari, sehemu za siri na makalio zina ganzi, au miguu inakosa nguvu. Na mgongo unaouma miezi, jasho la usiku, kukonda, pengine kinundu kimeanza kutokeza, ulizia TB ya uti wa mgongo hata kama hukohoi. Dawa za TB ni bure.

22. Watoto wa kijiji chetu upande wa Singida miguu imepinda, ni maji?

Inawezekana. Maji ya visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa yana floridi nyingi, WHO inataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi sana kwa miaka inapaka meno rangi ya kahawia na kukakamaza mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza. Magadi nayo yanaongeza. Lakini miguu ya mtoto inaweza kupinda pia kwa kukosa kalsiamu na vitamini D, na hiyo inatibika, kwa hiyo apimwe kabla ya kulaumu kisima.

## Kuinuka, kutembea na yale magumu

23. Magongo yanatumikaje?

Kati ya kwapa na gongo pawe na nafasi ya vidole 2 au 3, uzito ubebwe na viganja, kiwiko kikunjwe kidogo. Ukiegemea kwapa unabana mishipa ya fahamu, mkono unaanguka. Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Mpira wa chini ukiisha badilisha, sakafu ya marumaru na maji ni ajali ya pili.

24. Mama amewekewa nyonga bandia, choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Hili mliongee kabla ya opareshani, siyo siku ya kuruhusiwa. Kwa kawaida wiki 6 hadi 12 za kwanza asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asigeuze mguu kwa ndani, maana nyonga inaweza kuchomoka. Fundi seremala anakata tundu kwenye kiti imara kirefu, mnakiweka juu ya shimo au na ndoo chini. Kitanda kiinuliwe kwa matofali, kigoda kiondoke machoni, alale na mto katikati ya miguu. Kama nyonga imechomoka utasikia maumivu ya ghafla, mguu umekuwa mfupi na umegeuka, asikanyage.

25. Mtoto amezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umepinda kwa ndani.

Anaanza wiki za mwanzo: hogo linabadilishwa kila wiki, mara 5 hadi 7 hivi, mara nyingi na kimkato kidogo cha kano ya kisigino, halafu viatu vyenye fito. Viatu saa 23 kwa siku miezi 3, kisha usiku tu mpaka miaka 4. Mguu ukishanyooka wazazi wanaviacha, na ndo unarudi kupinda. Hogo likiteleza vidole vikazama ndani, rudi usingoje wiki iishe.

26. Amekatwa mguu na bado anasema vidole vinauma.

Vinauma kweli, ubongo bado una ramani yake. Msimcheke wala kumpeleka kuombewa kana kwamba amechanganyikiwa, mwambieni dokta, dawa zipo. Kigutu kisiwekewe mto chini siku nzima, kiungo kitaganda kimekunjika na mguu bandia hautakaa. Alalie tumbo dakika 20 hadi 30 mara chache kwa siku kama anaweza, na bendeji ifungwe kubana zaidi mwishoni kuliko juu.

27. Tuna miadi MOI, na hogo, twende na SGR au basi?

Treni kama nafasi ipo, tangu ianze 2024 wagonjwa wetu wanafika Dar kwa chini ya saa 4 na wanaweza kuinuka na kunyoosha mguu. Hogo likiwa na saa chini ya 48, muulize dokta kwanza kama lipasuliwe upande mmoja kwa safari. Kata siti ya kunyooshea mguu, mgonjwa awe na maji na dawa mkononi, na swali la 7 mlisome mkiwa bado Dodoma.

28. Babu ana miaka 82, amevunjika nyonga, watoto wamegawanyika kuhusu opareshani.

Nawaelewa, wanaogopa kumuua mezani. Ila kwa nyonga ya mzee, kutofanya chochote siyo kubaki salama: ni kulala wiki nyingi kwa maumivu, nimonia, vidonda (13), damu kuganda (15). Kwa hiyo opareshani ikiwezekana inafanywa mapema, ndani ya siku mbili hivi, hata lengo likiwa ni akae na ageuzwe bila kulia. Muulizeni yeye kwanza, wengi wanaamua bila kumwamkia mwenye nyonga. Mzee mmoja wa Chamwino alisikiliza wanawe wakibishana kuanzia asubuhi, saa nane akasema jamani mimi nataka kukaa juani kwenye mbuyu wangu, basi, nifanyieni kile kitakachonifikisha pale. Alifanyiwa, wiki ya tatu nilipigiwa simu nikaelekezwa nimtafutie kiti kirefu.